Nani Aliyechinja?



Ndugu msomaji, jambo ninalolieleza hapa lilitokea mkekani kwangu, siku ya pili ya Idi el-Fitri, nyumbani Ihembe, wilayani Karagwe. Nimelitafakari kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa kuwa ndani yake yumo mwanangu, yumo mzee ninayemheshimu kama baba yangu, na nimo mimi mwenyewe. Nimeona niliandike kwa sababu naamini limeshazikuta nyumba nyingi, au litazikuta.

Mwanangu wa pili anaishi Dar es Salaam na mumewe na watoto wao wawili. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka minne. Niliposikia kuwa anakuja na watoto, nilinunua mbuzi kwa jirani yangu, mkulima Mkristo ambaye kibanja chake kimepakana na changu, kisha nikamwita mzee wetu wa kuchinja. Mzee huyu sote tunamwita Tata, yaani baba. Amekuwa akichinja hapa kwetu tangu nilipokuwa mwalimu kijana. Ndoa, akika, hitma na sikukuu zetu zote zimepita mikononi mwake. Hata jirani zetu Wakristo, wanapokuwa na harusi na wanataka wageni wao Waislamu wale kama wengine, humwita yeye. Hajawahi kupanga bei. Hupewa alichojaaliwa mtu kutoa, mara nyingi ni kipande cha nyama.

Siku ile nilimwalika ale nasi. Kulikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maharage, pilau, na mchuzi wa yule mbuzi. Tulipokaa kula, nikaona mwanangu anawapakulia watoto wake ndizi peke yake. Kisha akatoa pakiti ya soseji za kuku aliyokuja nayo kutoka mjini ndani ya chombo cha kutunzia ubaridi, akaomba zikaangwe. Sikusema neno, nikidhani watoto wamezoea hivyo. Lakini mtoto hana siri. Mjukuu wangu wa miaka saba alimgeukia mzee akamwambia, "Babu, mama amesema ile nyama haina alama, hatujui ilikotoka."

Tata alitabasamu, akamjibu, "Ilitoka kwa jirani, mjukuu wangu. Nimemchinja mimi asubuhi."

Mtoto akauliza, "Una cheti?"

Watu walicheka, kicheko kile cha kuficha aibu. Tata hakucheka. Alimaliza ndizi zake, nyama akaiacha, akanawa, akashukuru, akasema mvua inakaribia. Akachukua fimbo yake akaondoka. Mvua haikunyesha siku ile.

Usiku, watoto walipolala, nilimwita mwanangu jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, kwani sikumlea kumvunjia mzee heshima. Lakini nilipomwuliza sababu, alinieleza jambo lililonizuia. Mtaani kwao, kwa muda wa karibu mwaka mzima, alikuwa akinunua kuku waliokwisha kunyonyolewa kwa mfanyabiashara mmoja aliyeweka bango lenye neno "halali" mlangoni. Siku moja alipita nyuma ya kibanda kile alfajiri, akaona kazi inavyokwenda: kuku wakikatwa harakaharaka na kijana yeyote aliyekuwepo, wengine wakitumbukizwa katika maji ya moto kabla hawajatulia. Alipouliza nani anachinja kwa jina la Allah, waliangaliana. "Mama," aliniambia, "pale sina Tata. Simjui mtu, na hakuna anayenijua. Tangu siku ile nanunua chenye alama tu, kile ambacho naweza kukielekezea simu nikasoma."

Nikamwambia basi atuoneshe. Tukaileta ile pakiti kwenye mwanga. Kulikuwa na neno halali kwa Kiarabu na kwa maandishi yetu, na kando yake kile kiraba cha vidoa vyeusi na vyeupe ambacho siku hizi kimo katika kila kitu. Akaelekeza kamera ya simu yake. Ukurasa ukafunguka. Kulikuwa na picha ya familia yenye furaha, maelezo ya namna ya kukaanga soseji bila kuzipasua, na orodha ya bidhaa nyingine za kampuni ile. Hapakuwa na jina la machinjio, wala la mchinjaji, wala la taasisi iliyothibitisha, wala tarehe. Mwanangu alirudia mara tatu. Kisha akakiri kwa sauti ya chini kwamba kwa miezi yote hiyo hakuwahi kuusoma ule ukurasa. Kukiona kile kiraba tu kulimtosha.

Hapo ningeweza kumcheka. Sikuweza, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu, ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

Miaka mingi iliyopita, katika hitma ya marehemu baba yake, nilinunua nyama ya mbuzi siku ya gulio. Sikuuliza nani kachinja. Niliuliza vipi wakati ninajua kuwa mchinjaji wa gulio lile ni Tata? Nikapika, nikalisha watu zaidi ya arobaini waliokuja kumwombea mume wangu. Baada ya siku kadhaa nikasikia kwa bahati kuwa juma lile Tata alikuwa amesafiri kumzika dada yake. Mwenye nyama aliona wateja wanasubiri, akashika kisu mwenyewe, na hakuona sababu ya kumwambia mtu. Nilimwendea sheikh nikiwa natetemeka. Alinituliza kwamba asiyejua hana lawama, lakini akaniambia kuanzia siku ile niulize. Nilishika usia wake wa kuuliza, ila habari yenyewe niliificha. Usiku ule jikoni ndipo nilipoitoa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Yeye aliamini alama asiyoisoma, nami niliamini mazoea nisiyoyauliza. Tofauti yetu haikuwa kubwa kama nilivyodhani wakati wa chakula.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hii teknolojia ya kufuatilia chakula, ambayo vijana wetu wanaitegemea na wazee wetu wanaikimbia, inaweza kutusaidia kwa kiasi gani? Nimeona tusiwe na pupa ya kuikataa wala ya kuitukuza. Tuitazame inavyofanya kazi.

Jina la kata yetu, Ihembe, kwa lugha yetu ya Kinyambo maana yake ni pembe. Wazee wetu walimtambua ng'ombe kwa pembe zake na rangi yake. Ungeweza kuleta ng'ombe mia mnadani na mwenye mali akamwonesha aliyeibwa kwake bila kusitasita. Leo utambuzi unahamia sikioni. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilitungwa mwaka 2010, na zaidi ya miaka kumi baadaye zikaja hereni za kielektroniki. Awali mfugaji alitakiwa kulipa shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja na shilingi 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Wafugaji walinung'unika juu ya gharama hiyo, na manung'uniko yao yakafika bungeni mwaka 2022. Mwezi Juni 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi, mkoani Simiyu, na safari hii Serikali ikabeba gharama ya hereni.

Hereni ile ina namba ambayo haifanani na ya mnyama mwingine. Kwa namba hiyo anajulikana mmiliki, mahali mnyama alipotoka na chanjo alizopata. Haya si madogo kwetu Waislamu. Mnyama wa wizi akichinjwa kwa kisu kikali na kwa jina la Allah, bado ni mali ya mtu iliyodhulumiwa. Chakula chetu hakitakiwi kuwa halali tu. Kinatakiwa kiwe chema pia, halalan tayyiban. Chombo kinachomzuia mwizi na kumfichua mnyama mgonjwa kinatusaidia katika dini yetu, hata kama hakikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Lakini hebu tumfuate ng'ombe yule hadi machinjioni. Anaingia na hereni yake. Anachinjwa, kichwa kinatengwa, ngozi inakwenda kwake, nyama inagongwa muhuri wa mkaguzi na kupelekwa buchani. Hereni imebaki sikioni, na sikio limebaki kichwani. Ile nyama uliyofungiwa kwenye mfuko haina namba tena. Mnyororo umekatika palepale kisu kilipopita, yaani mahali ambapo sisi tulitaka kujua zaidi.

Katika nchi nyingine wanajaribu kuunga mahali hapo. Upo mfumo uitwao blokicheni, ambao kwa lugha nyepesi ni daftari la kielektroniki linaloshikwa na watu wengi kwa pamoja: mfugaji anaandika mstari wake, mwenye machinjio wake, msafirishaji wake, na hakuna anayeweza kufuta peke yake kilichokwisha kuandikwa. Mnunuzi anaelekeza simu, anaona safari yote. Ni jambo jema. Hata hivyo daftari hilo huhifadhi kile lilichoambiwa. Likiambiwa uongo, litauhifadhi uongo huo vizuri sana.

Wala tusidhani kwamba nchi zilizoendelea zimesalimika. Mwezi Februari 2013 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilitangaza kuwa chembe za vinasaba vya nguruwe zimeonekana katika vyakula vilivyoandikwa halali na kupelekwa kwa wafungwa Waislamu magerezani. Alama ilikuwepo. Kilichofichua ni maabara. Mwishoni mwa mwaka 2020 Malaysia, nchi yenye utaratibu wa halali unaoheshimika sana duniani kupitia idara yake ya JAKIM, ilitikiswa na tuhuma za genge lililokuwa likiingiza nyama na kuifunga upya kwa alama bandia za halali.

Na sisi wenyewe, je? Tangu mwaka 2019 chupa za soda nchini kwetu zina stempu ya kielektroniki, na ipo programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ambayo kwayo mnunuzi anaweza kuthibitisha kama stempu ni halisi. Ndugu msomaji, umewahi kuitumia? Mimi nilipowauliza wanawake wenzangu darasani kwetu baada ya alasiri, hakuna aliyewahi. Tunapenda kujua kwamba inawezekana kuhakiki, kisha tunakunywa. Tabia hii tukiipeleka kwenye nyama, alama itatufariji bila kutulinda.

Dini yetu inasemaje? Kwa upande mmoja tumekatazwa kula kisichotajiwa jina la Allah (s.w.), kama ilivyo katika Suratul An'am, aya ya 121. Kwa upande mwingine tumekatazwa dhana mbaya na kupelelezana, katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Na imepokewa kwa Bi. Aisha (r.a.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama waliyokuwa wakiletewa na jamaa walioingia katika Uislamu karibuni, wasijue kama walitaja jina la Allah au hawakutaja. Mtume hakuwaamuru waende kupeleleza. Aliwaelekeza walitaje jina la Allah wao wenyewe na wale. Nilipomsomea mwanangu maana ya hadithi hii, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi Tata nimemkosea."

Nilikubali kuwa amemkosea. Lakini sikutaka aondoke na funzo hilo pekee, kwa sababu kuku wa kule mtaani kwake si jambo la dhana. Aliwaona kwa macho yake. Nikamkumbusha aya nyingine, ya 282 katika Suratul Baqarah, ambamo Allah ametuamuru tunapokopeshana kwa muda tuandike, tena tuweke mashahidi. Amri hiyo wameambiwa walioamini, ndugu kwa ndugu. Kuandika, basi, si kumtuhumu mwenzako. Ni kumlinda yeye na wewe, na kuulinda udugu wenu na usahaulifu na shetani. Kama deni la shilingi elfu kumi linastahili kuandikwa, nyama inayoingia katika matumbo ya watoto wetu haistahili?

Nafikiri hapa ndipo vijana na wazee wetu wanapopishana bila sababu. Kijana anapoomba ushahidi, mzee anasikia tuhuma. Mzee anapoomba aaminiwe, kijana anasikia uzembe. Na ushahidi mwema ungemfaa mzee kabla ya mwingine yeyote. Siku ile ya gulio, lau kungekuwa na daftari machinjioni lenye tarehe na saini ya aliyechinja, jina la Tata lisingetumika kuuza nyama ambayo hakuigusa.

Kuna jambo jingine la kuogopa. Kwetu mchinjaji hakuunganisha Waislamu peke yao. Jirani Mkristo anayemwita Tata harusini kwake anatwambia, "Nataka mle nami." Tumeona jambo hili linapoharibika. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje ulifikia kumwaga damu ya mtu. Sisi wa mikoa ya Ziwa hatuna ruhusa ya kuusahau. Yeyote anayetaka kuimarisha uthibitisho wa halali na afanye kwa njia isiyomtukana jirani. Alama inayosema nyama hii ni ya namna gani ni njema. Alama inayogeuzwa kuwa ukuta wa kutokula kwa ndugu na jirani, hata pale mchinjaji anapojulikana, imetoka katika lengo lake.

Kwa hiyo nazishauri familia zetu mambo matatu tu. Chakula kilichosafiri mbali, cha kopo, cha barafu, au cha kiwandani, tusikubali neno halali lililoning'inia peke yake. Tutafute jina la taasisi iliyothibitisha, kama ni Baraza Kuu la Waislamu au nyingine inayotambulika, tusome kilichoandikwa, na kampuni ambayo kiraba chake hakitueleze kitu tuipigie simu na kuuliza. Mteja anayeuliza ana nguvu kuliko anayesusa kimya kimya. Pili, kwenye bucha na magulio yetu, kamati za misikiti zizungumze kwa adabu na wenye bucha na watendaji wa kata, liwekwe daftari: tarehe, namba ya hereni kama ipo, mnyama, jina la mchinjaji na saini yake. Haligharimu zaidi ya bei ya daftari na kalamu. Na siku mifumo mikubwa itakapotufikia, itakuta kitu cha kweli cha kuingiza.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Tata amezeeka. Mkono wake bado ni imara, macho yameanza kumwacha. Nilipohesabu vijana wa hapa kwetu wanaojua kunoa kisu kama Mtume (s.a.w.) alivyofundisha, kumpumzisha mnyama, kumwelekeza, kutaja jina la Allah na kukata panapotakiwa, sikufika idadi ya vidole vya mkono mmoja. Wengine wanasema ni kazi ya damu, haina heshima wala kipato. Simu inaweza kutupeleka hatua kwa hatua mpaka kwa aliyechinja. Kama hatukumwandaa mtu huyo, itatupeleka mahali patupu.

Siku mbili kabla ya kurudi Dar es Salaam, mwanangu aliwachukua watoto akaenda kwa Tata kuomba radhi. Mimi sikwenda. Aliporudi alinisimulia kwamba mzee alimkatiza kabla hajamaliza, akamwambia kuwa mtoto anayeuliza nani kachinja amelelewa vizuri. Kisha akamwita yule mjukuu wangu wa miaka saba, akamwomba aandike, kwa kuwa yeye macho hayamsaidii. Wakatoa daftari la shule la kurasa themanini. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi za mtoto, kubwa na zilizopinda, kuna tarehe, "mbuzi mmoja mweupe", jina la jirani aliyemfuga, na jina kamili la Tata, ambalo mimi mwenyewe, kwa miaka yote hii, nilikuwa silijui.

Daftari liko kwangu, na Tata hunitumia mtu kila anapochinja ili niandike. Tumefika ukurasa wa tatu. Kijana wa kusaini baada yake bado tunamtafuta.

Wabillahi tawfiq.